Paningi ya magari (kulifuata gari kwa kamera wakati unapiga): gari linatoka na ukungu, ni fokasi au ni mkono wangu?

Mpiga_wa_Sakina (Arusha):

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama kabisa. Kuna jamaa ana kampuni ndogo ya safari hapa mjini, ana Land Cruiser tatu zile zilizorefushwa za kubebea wageni, amenipa kazi ya kumpigia picha gari zake zikiwa kwenye mwendo. Hataki gari limepaki chini ya mti, anataka linakimbia, maandishi ya mlangoni yanasomeka vizuri halafu barabara na miti ya nyuma vimevutika kama mtu amepitisha brashi. Mimi harusi na kipaimara napiga mwaka wa sita huu na nashukuru Mungu wateja wanarudi, lakini hii kitu ya kufuata gari sijawahi kuifanya kwa kulipwa.

Nimeshatoka jumamosi mbili kwenda kujizoeza pale njia nne ya kuelekea Tengeru, nafuata vifodi na boda zinazopita. Siku ya kwanza niliweka shata, ule muda kamera inabaki wazi, kwenye 1/1000 ya sekunde, gari likatoka shapu kabisa ila linaonekana limesimama, mpaka nati za tairi unazihesabu. Siku ya pili nikashuka mpaka 1/60 kama nilivyoelekezwa, hapo ndo shida ikaanza. Picha mia na kitu, zinazofaa hata tano hazifiki. Nyingine gari lote lina ukungu, nyingine katikati ya gari pako shapu ila pua na mkia vimevuja, nyingine naona kama gari mbili zimepandana. Na angani kuna vitone vyeusi vyeusi ambavyo kwenye picha za harusi sijawahi kuviona.

Kuna mtu kaniambia tatizo ni fokasi, kwamba Canon 700D ni ya zamani haiwezi kukimbizana na gari, niuze niongeze hela nichukue bodi ya kisasa. Hela yenyewe niliyonayo ni ya ada ya mtoto kwahiyo nataka nijue kabla sijaigusa. Hivi kweli ni fokasi? Gari za jamaa zinapatikana jumanne ya wiki ijayo tu, baada ya hapo zinaingia porini na wageni.

Kivuli_cha_Meru (Arusha):

Mkuu usiuze kitu kwanza. Tuambie ulikuwa kwenye modi gani, fokasi ilikuwa One Shot au AI Servo, f ngapi (tundu la mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), ISO ngapi (wepesi wa kamera kupokea mwanga), lenzi gani na ulisimama umbali gani kutoka kwenye gari. Na saa ngapi. Bila hivyo kila mtu atakuambia cha kwake.

Mpiga_wa_Sakina:

Nilikuwa Tv, ile modi unachagua shata mwenyewe, shata 1/60, ISO 100, kamera yenyewe ikawa inachagua f/20 au f/22 na mara nyingine ile namba ya f inakuwa inawakawaka. Fokasi One Shot, pointi ya katikati. Lenzi 18-55 nikiwa kwenye milimita 24 hivi, nimesimama kama mita 7 au 8 kutoka gari linapopita, maana nilitaka gari lote liingie. Ilikuwa saa saba saa nane mchana. Nina 55-250 pia ila sikuitoa kwenye begi.

Fundi_wa_Rau (Moshi):

Nimesoma vizuri nikaona nikae chini nikujibu kwa kituo maana na mimi nilipita hapo hapo, nilikaa karibu mwaka mzima nalaumu fokasi.

Cha kwanza jifunze kuusoma ukungu wenyewe. Fungua picha kwenye kompyuta, ivute mpaka asilimia 100, tafuta kitu kinachometa kwenye gari, tuseme mwanga wa jua kwenye nikeli ya taa au kwenye kioo cha pembeni. Kile kitone kinakuambia kila kitu. Kikiwa kimekuwa kamstari kanakolala upande gari linakoenda, basi fokasi haina kosa hata kidogo, mkono wako ulikuwa unakwenda taratibu kuliko gari au haraka kuliko gari. Kikiwa kamstari kanapanda na kushuka, ulikuwa unatikisa kamera juu chini, au gari lilipita kwenye tuta, au ulikandamiza batani kwa nguvu. Kikiwa kimechora kama herufi ya S au ndoano hapo mwili mzima ulikuwa haujatulia. Ila kikiwa kimetanuka kuwa duara laini pande zote sawa, HAPO ndo fokasi imekosa. Hizo picha zako za gari mbili kupandana nakuhakikishia ni mkono, uliweka kituo katikati, ukafuata ukasita ukafuata tena ndani ya shata hiyo hiyo moja.

Sasa la pua na mkia kuvuja huku katikati pako shapu. Hili wengi hawaambiwi. Gari likipita mbele yako kwa karibu, kila sehemu ya gari inakwenda kwa kasi tofauti machoni pako japo gari ni moja. Simama pembeni ya barabara uangalie basi refu likipita, ubavu ulio mbele yako unapita fyaa ila pua kule mbele na mkia kule nyuma unaona kama vinajivuta. Kamera unaweza kuizungusha kwa kasi moja tu, kwahiyo ukiipatia katikati unaikosa pua. Nimekupigia hesabu. Land Cruiser hizo zina mita 5 na kidogo, wewe upo mita 7 na nusu, tofauti ya mwendo kati ya katikati na pua inafika kama asilimia 12 au 13. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, maana yake kila sekunde linakata karibu mita 14, ndani ya 1/30 linakuwa limekwenda sentimita 46. Asilimia 12 ya hiyo ni kama sentimita 5 au 6 za kuvuja pale kwenye pua. Hata kwenye 1/60 bado inabaki nusu yake, karibu sentimita 3, na maandishi hayavumilii sentimita 3.

Rudi nyuma. Weka 55-250 kwenye 100 hivi, simama kama mita 30, gari linakuwa na ukubwa ule ule kwenye fremu lakini tofauti ya pua na katikati haifiki hata asilimia moja. Uvujaji wa pua unakuwa chini ya nusu sentimita. Gari lote linatulia.

Najua utauliza, nikirudi nyuma si bakigraundi itaacha kuvutika? Hapana. Ukitaka kujua bakigraundi itavutika kiasi gani chukua umbali gari linaosafiri wakati shata iko wazi, linganisha na upana wa fremu pale gari lilipo. Gari la mita 5 ukiliachia nafasi mbele na nyuma fremu inakuwa na upana wa mita 7. Kwenye 1/60 gari la kilomita 50 linakwenda sentimita 23, hiyo ni asilimia 3 tu ya fremu, ndo maana picha zako za 1/60 hata zile zilizotoka vizuri zinaonekana za kawaida. Kwenye 1/30 inakuwa zaidi ya asilimia 6, hapo ndo brashi inaonekana. Uwe mita 7 au mita 30, ilimradi gari limejaa fremu sawasawa jibu halibadiliki. Kwahiyo umbali unakupa shapu ya bure bila kukunyang'anya mwendo.

Tairi nalo lisikusahaulishe, ndo linalomwambia mtu gari linakimbia. Tairi la gari hizo kwa kilomita 50 linazunguka mara 5 au 6 kwa sekunde, ndani ya 1/60 linakuwa limegeuka kama mshale wa saa ya ukutani kutoka namba 12 kwenda namba 1. Inatosha kabisa. Kwenye 1/1000 halijageuka hata digrii 3 ndo ukaona nati.

Kuhusu jua. Saa saba mchana ISO 100, jua kali la kwetu, f/16 inataka shata ya karibu 1/100. Ukitaka 1/50 unafika f/22, ukitaka 1/30 f imeisha, ndo ile namba inawaka kukuambia picha itaungua. Na f/22 ina ubaya mwingine, mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo unatawanyika picha nzima inapoteza ukali hata fokasi ikiwa sawa. Na vile vitone vyeusi ni vumbi lililokaa kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, lipo siku zote ila kwenye harusi unapiga f/2.8 au f/4 halionekani, ukifunga mpaka f/22 linajitokeza lote. Kanunue filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, inakula stopu tatu (kila stopu inakata mwanga nusu), kutoka f/22 unarudi f/8. Kama hela haipo tumia filta ya polaraiza kama unayo, inakula stopu moja na nusu mpaka mbili na inaua mng'ao kwenye vioo vya gari. Hela ikiwa haipo kabisa subiri saa kumi na moja jioni, bure.

Mkono sasa. Miguu ielekee pale UTAKAPOMALIZIA, yaani pale gari litakapokuwa mbele yako kabisa, halafu geuza kiuno kurudi kule gari linakotokea. Viwiko bana kwenye mbavu. Gari likija kiuno kinajifungua chenyewe taratibu, unaingia kwenye sehemu ya kupiga ukiwa umelegea. Watu wanafanya kinyume, wanaelekeza miguu kule gari linakotoka, likifika mbele yao wameshajinyonga wamekaza misuli yote. Anza kulifuata mapema, sekunde tatu nne kabla, chagua alama moja kwenye gari, mfano kitasa cha mlango wa dereva, na kidude cha katikati kwenye vyufaindaa, kile kitundu cha kuchungulia, kisitoke kwenye kitasa hicho. Bonyeza kwa kulainisha, piga mfululizo, halafu ENDELEA kufuata hata baada ya kamera kunyamaza. Ukisimama pale unapobonyeza ndo unazipata gari mbili zilizopandana. Kwenye 700D ukipiga mfululizo vyufaindaa inazima zima kila kioo kinapopanda, usishtuke, wewe endelea na mwendo ule ule kama unamsindikiza kwa macho mtu unayemfahamu aliyepita na boda.

Binti_Kiboriloni (Moshi):

Fundi umemaliza karibu yote ila kwenye fokasi hujamjibu na ndo swali lenyewe. Kaka ulikuwa kwenye One Shot, hiyo inafunga fokasi mara moja pale ulipobonyeza nusu. Ukifuata gari sekunde tatu kabla, ulifunga gari likiwa mita 40 huko, linapofika mbele yako liko mita 7. Uliokolewa na f/22 na lenzi pana ya 24, hivyo viwili vinakubali karibu kila kitu, ungekuwa umevuta lenzi kwenye f/4 nyingi zingekuwa duara laini.

Njia ninayoitumia mimi ni AI Servo, kwa wenye Nikon na Sony ni AF-C, ile inayoendelea kufokasi muda wote gari linavyosogea. Pointi moja ya katikati, usimwachie kamera achague mwenyewe kwenye pointi zote tisa maana itarukia nguzo ya umeme au mtu aliyesimama na mzigo. Halafu hamisha fokasi itoke kwenye batani ya kupigia ije kwenye batani ya nyuma ile yenye nyota, kwenye 700D ipo kwenye kastomu fankshen. Kidole gumba kinashikilia fokasi, kidole cha shahada kinapiga, hakuna kinachomsumbua mwenzake. Siku mbili tatu za kwanza utachanganyikiwa ila ukizoea hutarudi.

Kivuli_cha_Meru:

Mi dada hapo napishana na wewe kidogo, kwa kazi yake ya jumanne asiende kujifunza batani mpya. Barabara haihami. Gari litapita kwenye mstari ule ule kila mara. Aifokasi lami au jiwe lililopo pale gari litakapopita, ahamishie lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, basi, fokasi imeisha, kilichobaki ni mkono. Akiwa na lenzi kwenye 100, f/8, mita 30, ana karibu mita 34 za kuchezea mbele na nyuma ya ile sehemu, gari halitoki humo.

Binti_Kiboriloni:

Hesabu yako ni sahihi kwa hiyo 100 na f/8, sibishi. Ila asijaribu hivyo akivuta mpaka 200 kwa umbali wa mita 20 kupata sura ya dereva, pale kwenye f/8 anabaki na mita 3 tu, dereva akihama njia kidogo imekwenda. Na kama gari linamjia kwa pembe, sio la kupita ubavuni, MF hapana. Kwahiyo kaka, gari linapita ubavuni tumia MF ya kulenga lami, gari linakujia au umevuta sana tumia AI Servo. Zote mbili unazo kwenye hiyo hiyo 700D, sio lazima uguse ada ya mtoto.

Jambo lingine la IS kwenye lenzi, ile inayotuliza mtikisiko. Lenzi kubwa za Canon zina swichi ya modi 1 na modi 2, modi 2 ndo ya kufuata kitu, inatuliza juu chini peke yake na kukuachia upande. Lenzi yako haina swichi hiyo, ina kuwasha na kuzima tu. Piga kumi ukiwa umewasha na kumi ukiwa umezima uone mkono wako unapatana na ipi, hiyo hakuna wa kukujibia.

Dereva_wa_Kaskazini (Arusha):

Habari vijana. Mimi sio mpiga picha, naendesha gari hizo hizo mnazozisema mwaka wa kumi na tisa sasa, nimepigwa picha hizo mara nyingi na wapiga picha wa kila aina, niseme la upande wa usukani.

Kijana wangu zungumza na dereva KABLA hajawasha gari. Mwambie kilomita 40 na asiguse gia wala breki ndani ya kipande unachopigia, gari likibadilishwa gia linainama pua na wewe huku unaona kamstari ka juu chini unafikiri ni mkono wako. Dereva akijua atakupa mwendo mmoja kama maji ya mfereji, asipojua akikuona umesimama pembeni na kamera ataongeza mafuta akupendezeshe, au atapunguza akijua umekwama unaomba lifti. Vioo vyote viwe vimefungwa au vyote vimefunguliwa. Paa lile la kupandisha lishushwe, kwenye lami huwa halikai juu.

Sehemu. Wengi wanawaza kwenda ng'ambo ya Kisongo kuelekea Makuyuni kwa sababu ni peupe. Peupe kwa macho pazuri lakini nimeziona hizo picha, nyuma kunakuwa na rangi moja ya nyasi na mbingu, gari linaonekana limebandikwa. Njoo huku Usa River kwenye miti, jua la jioni linapenya kwenye majani, nyuma yangu kunatoka michirizi ya njano na kijani utafikiri kitenge. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja jakaranda zikichanua hapa mjini inakuwa zambarau tupu.

Na la mwisho, usisimame upande wa nje wa kona. Gari likiteleza mara nyingi linakwenda nje ya kona. Macho yako yatakuwa kwenye kile kitundu huoni boda inayokuja kwa nyuma yako, kwahiyo njoo na mtu wa kukuangalizia mgongo. Hii barabara yetu ya Moshi imechukua watu wengi waliokuwa makini kuliko sisi.

Fundi_wa_Rau:

Shikamoo mzee wangu, umegusa jambo ambalo nilitaka niwasahihishe watu siku nyingi. Utasikia wanasema bakigraundi iliyo karibu inavutika zaidi kuliko ya mbali. Ukiwa umesimama sehemu moja unazungusha kiuno tu, Mlima Meru na duka la jirani vinavutika kwa kiasi kile kile kwenye picha. Mlima hauonekani kuvutika kwa sababu una rangi moja, hauna kitu cha kuchora mstari. Duka lina mabango, ndoo za rangi, kanga zimening'inia. Kwahiyo unachotafuta nyuma ya gari ni vitu vingi vidogo vyenye rangi na mwanga tofauti, ukaribu wenyewe haukuongezei chochote.

Dereva_wa_Kaskazini:

Marahaba kijana wangu. Nimejifunza na mimi.

Chalii_wa_Kijenge (Arusha):

Samahani kuingilia, mimi nina simu tu, natamani nipige boda za washkaji hapa kijiweni. Inawezekana au nisijisumbue?

Binti_Kiboriloni:

Inawezekana kabisa mdogo wangu. Kwanza angalia kama kamera ya simu ina modi ya Pro, uweze kuweka shata mwenyewe. Shida ya simu nyingi ni kwamba tundu la mwanga halifungi, ni lile lile siku zote, kwahiyo mchana ukiweka 1/30 picha inakuwa nyeupe pee. Piga saa kumi na mbili jioni jua likikaribia kuzama, au kwenye kivuli kizito, au shikilia kioo cha miwani ya jua mbele ya lenzi, sio kichekesho, kinafanya kazi ya filta. ISO weka ya chini kabisa. Google Pixel nyingi kuanzia Pixel 6 ya mwaka 2021 zina modi yake ya kufuata kitu, ile inatengeneza bakigraundi kwa programu, inapendeza ila tairi na kingo za gari mara nyingine inazichanganya.

Kingine, simu inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwahiyo ukizungusha haraka nguzo za nyuma zinalala. Kamera za zamani zenye pazia la mpasuko zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Kuna picha moja maarufu ya Mfaransa Jacques Henri Lartigue, ya gari la mashindano, miaka ya 1912 huko, tairi limekuwa kama yai limelalia mbele na watazamaji wamelalia nyuma. Mkono wake ulikuwa unafuata gari lakini halikufikiwa, na pazia lilikuwa linashuka taratibu, vyote viwili vimeandikwa kwenye picha ile ile. Mimi naipenda sana, nikiiangalia naona kabisa gari linamponyoka.

Chalii_wa_Kijenge:

Asante sana dada, leo jioni hii hii najaribu.

Mpiga_wa_Sakina:

Wakuu nimerudi. Kwanza nawashukuru kutoka moyoni, sikutegemea watu wakae wanipigie mpaka hesabu za sentimita.

Nilifanya mlivyosema. Nilifungua zile picha mia nikaanza kuangalia vitone vinavyometa kwenye taa. Karibu zote ni kamstari ka kulala, duara laini nimezipata nne tu. Nne! Kumbe nilikuwa nataka kuuza kamera kwa kosa la kiuno changu. Bodi haiuzwi na ada imeshalipwa leo asubuhi.

ND8 ya saizi ya lenzi yangu sikuipata madukani hapa mjini kwahiyo nimeenda jana saa kumi na moja jioni Usa River na mdogo wangu ananiangalizia mgongo. Lenzi 55-250 nikaiweka kwenye 100, nikarudi nyuma mpaka ukingo wa shamba, nadhani mita 30 hivi, nikafokasi kwenye ufa wa lami nikahamia MF. Nilianza na 1/125, nikapata nyingi shapu ila zimepooza, nikashuka 1/80, 1/60, kila hatua nikipiga gari kama ishirini kabla sijashuka tena. Hiyo ya kushuka ngazi kwa ngazi imenisaidia kuliko kitu chochote maana mkono unazoea mwendo wa barabara ile. Nilipofika 1/40 nikawa napata moja nzuri kwenye kila nane au tisa. Kwenye 1/30 moja kwenye ishirini hivi, lakini hiyo moja!! Ni kifodi cha kijani kimebana abiria, kondakta ameshika mlango, sura yake unaiona kabisa anacheka, na nyuma yake kule kwenye miti ni michirizi mitupu ya dhahabu. Nimeiangalia mpaka usiku, mke wangu kaniambia lala.

Miguu ndo ilikuwa inanikosesha kabisa, nilikuwa naelekeza kule gari linakotokea. IS nimejaribu zote, kwangu ikiwa imewasha zinatoka nzuri zaidi.

Nimeongea na madereva wote watatu, mmoja akasema kumbe ndo maana zile za mwaka jana zilitoka vibaya, alikuwa anaongeza mafuta kila akimuona mpiga picha. Jumanne tunaanza saa kumi kamili, kila gari mara sita kwenda na kurudi, kilomita 40. Swali langu la mwisho, kwa vile kilomita 40 ni taratibu kuliko vifodi vya jana, nishuke mpaka 1/25 au nibaki 1/40?

Fundi_wa_Rau:

Hongera sana. Kilomita 40 kwenye 1/25 gari linakwenda sentimita 44, ni karibu sawa na kilomita 50 kwenye 1/30, kwahiyo muonekano wa jana utaupata pale. Lakini usianzie huko. Mizunguko miwili ya kwanza ya kila gari piga 1/60, hizo ni za mteja, hazitakosa. Miwili inayofuata 1/40. Miwili ya mwisho jua likiwa limeshuka nenda 1/25, hizo ni zako.

Na kasafishe sensa kabla ya jumanne, sio kwa kupuliza na mdomo, mate yanaganda kule ndani. Tumia pampu ya mpira, kioo kikiwa kimepandishwa kwenye menyu na betri imejaa.

Mpiga_wa_Sakina:

Nimeelewa mkuu. Pampu ninayo. Zile za 1/25 nitazileta hapa jumatano.